Hamu ya kuyakimbia maisha: Kuhama si kupotea

JUA likikaribia kuzama, watu wa Kisumu huanza kuelekea Dunga na kwenye ncha ya nchi kavu iitwayo Hippo Point. Wengi huenda kula samaki, kupiga picha au kujiburudisha na familia zao. Lakini katika umati huo hakosi mtu aliyekuja peke yake, ameketi kando, ameyakazia macho maji ya Ghuba ya Winam.

Ukimuuliza anachokitazama, atakujibu kwamba anapunga upepo. Pengine ni kweli. Pengine pia lipo wazo analoona haya kulitamka: kwamba mtumbwi ule unaosukumwa majini ungemchukua, simu ikazimwa, na kesho asubuhi asiwepo wa kumuuliza karo, kodi ya nyumba, deni la chama wala kazi aliyoiacha nusu ofisini.

Wazo hili huwajia watu wengi kuliko wanaokubali kulikiri. Humjia mwalimu mwenye madaftari ya wanafunzi 70 ya kusahihisha. Humjia muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mama anayechuuza samaki katika soko la Kibuye, na mwendeshaji bodaboda wa Kondele ambaye pikipiki yenyewe bado ni ya mkopo. Humjia hata mtu ambaye, machoni pa majirani, hana anachokikosa.

Je, hamu hii ni uvivu, ni ugonjwa, au ni sehemu tu ya ubinadamu? Na kwa nini baadhi ya watu huishia kuiwaza tu ilhali wengine huamka siku moja wakatoweka?

Mwili unapodai mbio

Jibu la kwanza limo mwilini. Mnamo 1915, Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alichapisha kitabu kuhusu mabadiliko yanayoupata mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Alieleza kwamba kiumbe anapokabiliwa na hatari, moyo wake hudunda kwa kasi, sukari huongezeka katika damu, na damu hiyo hupelekwa kwa wingi kwenye misuli. Mwili huwa unajiandaa kwa mojawapo ya mambo mawili: kupigana au kukimbia.

Maandalizi hayo yalimfaa mtu aliyekutana na chui. Chui huja, mtu hukimbia, na baada ya muda mfupi hatari imekwisha, kwa heri au kwa shari. Shida ni kwamba mwili hautambui sana tofauti kati ya chui na ujumbe wa simu unaodai deni. Huandaa mbio zilezile. Lakini deni halipiti kama chui. Liko mezani asubuhi, liko kitandani usiku, na mwenye nalo amekaa kitako na mwili uliokwisha kufunga mkaja kwa safari. Si ajabu kwamba baada ya miezi kadhaa ya hali kama hiyo, akili nayo huanza kutafuta njia.

Hata hivyo, si kila anayetaka kukimbia anakimbia kitu kimoja. Ukiwasikiliza watu kwa makini, utagundua kwamba neno "kutoroka" hubeba angalau mambo matatu tofauti.

La kwanza ni uchovu. Mtu wa sampuli hii hayachukii maisha yake. Amechoka kuyabeba bila kuyatua. Anachotamani ni kupumzika.

La pili ni aibu au hofu. Huyu ana jambo analolificha: fedha za chama alizozitumia, kazi aliyoachishwa na hajamwambia mkewe, mtihani aliouanguka, au kipigo anachokipata nyumbani. Anachotamani ni kufichika au kuwa salama.

La tatu ni kiu ya maisha mengine. Huyu hakuchoka wala hana la kuficha, ila anahisi kwamba maisha anayoishi alichaguliwa na wengine. Anachotamani ni kubadilika.

Tofauti hizi zina uzito, maadamu dawa ya moja si dawa ya nyingine. Aliyechoka akihamia mji mwingine atachoka huko pia. Anayepigwa nyumbani akiambiwa apumzike siku mbili kisha arejee, amerudishwa kwenye hatari.

Ipo pia hali adimu ambapo kuondoka ni ugonjwa hasa. Mnamo 1886, mfanyakazi wa kampuni ya gesi aitwaye Albert Dadas alilazwa katika hospitali ya Bordeaux nchini Ufaransa. Mara kwa mara alikuwa akishikwa na msukumo wa kutembea, akaacha kazi na jamaa, na kujikuta katika miji ya mbali, pengine hata nchi nyingine, bila kukumbuka vyema alivyofika huko. Daktari Philippe Tissié aliandika habari zake mwaka uliofuata, na madaktari wangali wanaitambua hali ya mtu kuondoka na kupoteza kumbukumbu ya nafsi yake. Lakini wagonjwa kama hao ni wachache mno. Wengi wetu tunapowaza kuondoka tunajua vizuri sana majina yetu, na ndiyo maana tunataka kuyaacha.

Ziwa, reli na kodi

Jibu la pili limo katika historia, na hapa ufuo wa Ziwa Viktoria una mengi ya kusimulia.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mnamo Desemba 20, 1901, baada ya kukata takriban kilomita 930. Kwa wakazi wa ufuoni, garimoshi hilo halikuleta bidhaa tu. Lilileta njia ya kuondoka. Pamoja nalo serikali ya kikoloni ilileta kodi ya nyumba, iliyopaswa kulipwa kwa fedha. Kijana asiye na fedha alilazimika kuzifuata ziliko: kwenye bandari ya Mombasa, kwenye magadi ya Magadi, kwenye majani chai ya Kericho, kwenye mashamba ya miwa, ama kwenye reli yenyewe.

Kwa hiyo kizazi baada ya kizazi, kuondoka nyumbani kulikuwa wajibu na pia kishawishi. Kijana alipelekwa na kodi, lakini alipofika mjini aligundua jambo ambalo hakuna mtoza kodi aliyemwambia: kwamba huko hakuna anayemjua babaye, wala anayemuuliza ataoa lini. Wapo waliotuma fedha na kurudi kila mwaka. Wapo pia waliozama mijini wasionekane tena. Wajaluo walikuwa na neno fupi kwa watu hao: wamepotea.

Ziwa nalo lilikuwa mlango wa upande mwingine. Familia nyingi za Wajaluo zilivuka kwenda Tanganyika, katika maeneo ambayo leo yamo katika Mkoa wa Mara, kutafuta mashamba mapana zaidi. Safari hiyo ndiyo kiini cha riwaya ya marehemu Grace Ogot, The Promised Land, iliyochapishwa mwaka 1966. Mhusika wake mkuu, Ochola, anaiacha nchi yake ya Nyanza kwa matumaini ya utajiri ng'ambo, licha ya wasiwasi wa mkewe, Nyapol. Mali anaipata. Lakini anazua uhasama na jirani, anapatwa na maradhi ya ngozi yasiyoeleweka, na hatimaye anarudi alikotoka, mali ikibaki nyuma.

Ni rahisi kuisoma riwaya hiyo kama onyo dhidi ya kuondoka. Wahenga wa Pwani walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na Ochola ni mfano wa methali hiyo. Lakini historia haimpi Ochola neno la mwisho.

Chukua mfano wa Daniel Owino Misiani, mwanamuziki mashuhuri wa benga. Yeye alivuka mpaka kwa upande wa pili. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, nchini Tanzania, akaingia Kenya, na ni nchini Kenya alikojenga jina lililojulikana Afrika Mashariki nzima hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu, Mei 2006. Lakini je, bendi aliyoiongoza kwa miaka mingi iliitwaje? Shirati Jazz. Aliondoka kwao, ila hakuficha alikotoka. Alilibeba jina la kwao mbele ya nyimbo zake.

Hapo ndipo ilipo tofauti inayotuhusu. Mtu anaweza kwenda mbali sana na bado asiwe amepotea. Mwingine anaweza kujificha mtaa wa pili tu na awe amepotea kabisa.

Namna ya kuondoka

Jamii za ufuoni hazikuwa zikijidanganya kwamba binadamu anaweza kufungwa mahali pamoja maisha yake yote. Kinyume chake, ziliijua hamu ya kuondoka na zikaitengenezea njia.

Kijana wa Kijaluo alipobalehe hakutarajiwa kuendelea kulala katika nyumba ya mamaye. Alijenga kibanda chake karibu na lango la boma, kiitwacho simba, ambacho hakina uhusiano wowote na mnyama wa jina hilo kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya kujitenga. Baadaye, akishaoa na kupata watoto, alitakiwa kuondoka kabisa na kufungua boma lake. Siku hiyo alitoka na babaye au mzee wa ukoo, mwanawe wa kiume akiwa na jogoo, mkewe akiwa na moto, yeye mwenyewe akiwa na shoka. Nyumba ilijengwa siku hiyohiyo, na jioni moshi ukapanda kutoka mahali pasipokuwa na mtu asubuhi.

Tazama kilichomo katika desturi hiyo. Mtoto anamwacha babaye, jambo ambalo lingeweza kuwa uasi. Lakini anaondoka mchana, babaye yupo, na kila mtu anajua anakokwenda.

Mke naye alikuwa na njia yake. Aliyechoshwa na ukali au uzembe wa mumewe alirudi kwa wazazi wake. Hakuhesabiwa kuwa ametoroka. Wote walijua aliko, na mume aliyemtaka alilazimika kumfuata, aketi mbele ya wakwe na kujibu maswali. Mara nyingi kukaa huko ndiko kulikofungua midomo iliyokuwa imefungwa kwa miaka.

Hata hivyo, haifai kuyapamba ya kale. Njia hizo ziliwafaa wanaume zaidi kuliko wanawake, na ziliwafaa wenye wazazi wa kuwapokea kuliko mayatima. Mwanamke aliyeondoka na kwenda mjini badala ya kurudi kwao aliandamwa. Chama cha Luo Union, kilichowaunganisha Wajaluo walioishi mijini hadi kilipopigwa marufuku pamoja na vyama vingine vya kikabila mwaka 1980, kilisifika kwa kuwasaidia wafiwa na wageni. Lakini katika enzi za ukoloni kilijulikana pia kwa kuwakamata wanawake kilioona kuwa wanaishi ovyo mijini na kuwarudisha mashambani, watake wasitake. Kilichoitwa uhuni mara nyingine kilikuwa mwanamke kukimbia ndoa asiyoitaka. Mwanamume aliyefanya vivyo hivyo aliambiwa amekwenda kutafuta kazi.

Visiwa si pepo

Leo, mtu wa Kisumu au Siaya anayetaka kuyakimbia maisha haendi Tanganyika. Wengine huangukia Nairobi. Wengine hukimbilia visiwani: Rusinga, Mfangano, Remba, Ringiti, au hata kwenye jabali la Migingo, lililozozaniwa na Kenya na Uganda tangu miaka ya 2000.

Kishawishi chake kinaeleweka. Uvuvi hauulizi cheti. Wavuvi wenyewe ni watu wa kuhamahama. Huwafuata samaki kutoka ufuo hadi ufuo kulingana na msimu. Mgeni mwenye mikono miwili hupata nafasi katika mashua ya mtu, alale alipo, ale alichovua, na jina atakalolitaja ndilo atakaloitwa.

Lakini anayekwenda huko kwa kutoroka aghalabu huruka majivu akakanyaga moto. Kazi ni ya usiku na ni ya hatari. Dhoruba za ziwa hili zimewameza mabaharia wenye uzoefu, sembuse aliyekuwa karani wiki iliyopita. Mapato huja kwa kishindo na kuondoka kwa kishindo. Pombe iko karibu kuliko zahanati. Jamii za wavuvi zimeathiriwa na virusi vya Ukimwi kuliko jamii nyingi nchini, na miongoni mwa sababu ni hayo hayo ya watu kuhamahama, kuishi mbali na familia, na biashara ambapo mchuuzi mwanamke hushurutishwa kutoa mwili wake ndipo auziwe samaki, mtindo unaojulikana ufuoni kama jaboya.

Aidha, hata kisiwani kuna daftari. Tangu kanuni za mwaka 2007 zilipoanzisha kamati za usimamizi wa fuo, wavuvi husajiliwa, na mvuvi mgeni hutarajiwa kufika na barua kutoka ufuo aliokuwa akivulia. Kwa maneno mengine, wavuvi wenyewe, watu wa kuhamahama kuliko wote, wamekubaliana na wazee wa zamani: njoo, lakini tuambie umetoka wapi.

Wanaobaki

Mazungumzo kuhusu hamu ya kutoroka humhusu zaidi anayeondoka. Ni haki tumgeukie anayebaki.

Mtu akifariki, familia hulia, huzika na polepole huanza upya. Mtu akitoweka, familia haiwezi kulia wala kuacha kungoja. Mke hajui kama ni mjane. Watoto hawajui kama waseme "baba yupo" au "baba alikuwepo". Simu ya namba ngeni ikilia usiku, nyumba nzima huamka.

Sheria nayo hungoja. Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya husema kwamba mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake iwapo angekuwa hai, atachukuliwa kuwa amefariki, isipokuwa pawepo ushahidi wa kupinga hilo. Miaka saba! Mtoto aliyekuwa chekechea babaye alipoondoka huwa anakaribia kumaliza shule ya msingi. Kabla ya muda huo kupita, shamba lililo kwa jina la aliyetoweka na fedha zilizo katika akaunti yake huwa kama zimefungiwa sandukuni, na ufunguo kaondoka nao mwenyewe.

Kwa upande wa ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka kutelekezwa kwa angalau miaka mitatu kuwa miongoni mwa sababu za kuvunja ndoa ya Kikristo. Na kuhusu watoto, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la. Umbali haufuti jukumu hilo.

Mila ilikuwa na jibu lake, na ni jibu linalogusa moyo. Wajaluo huzika nyumbani. Uzito wa jambo hilo taifa zima lililishuhudia katika kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Ngong, karibu na Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasisitiza kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi lakini nyumbani kwake ni kwao. Baada ya miezi mitano ya mabishano, Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, na Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Otieno hakuwa ametoroka. Lakini kesi yake ilionyesha jinsi kamba ya nyumbani ilivyo ndefu.

Sasa, itakuwaje mwili usipopatikana? Mtu akizama ziwani asionekane, au akipotea kabisa, desturi iliruhusu litwaliwe tunda la mti uitwao yago, tunda refu na zito linaloning'inia kwa kikonyo kama kamba, lizikwe badala yake. Kaburi lilichimbwa, watu walilia, na tunda likateremshwa.

Huenda kuna watu waliopo hai katika miji ya mbali ambao tayari wana makaburi yao ufuoni, na ndani yake limelala tunda. Anayewaza kuondoka bila neno na afikirie siku hiyo: mama yake akiwa amesimama mbele ya shimo, analililia tunda la mti.

Cha kufanya

Ushauri wa kwanza ni wa msingi: usiione haya hamu yenyewe. Mwaka 1910 mwandishi mkuu wa Urusi, Leo Tolstoy, akiwa na miaka 82, aliondoka nyumbani kwake usiku na kufariki siku chache baadaye katika kituo cha garimoshi cha Astapovo. Nchini Japani, watu wanaotoweka kwa hiari ni wengi kiasi kwamba wana jina lao, johatsu, yaani waliogeuka mvuke. Ikiwa hamu hii imewashika watu wa kila nchi na kila umri, hukuanza wewe.

Ushauri wa pili ni kukitaja kitu unachokikimbia. Mara nyingi mtu husema "nimechoka na kila kitu" ilhali kinachomkaba ni kitu kimoja. Chukua karatasi, uandike: kitu gani kikiondolewa leo, nitaweza kulala? Jibu likiwa ni kazi, kumbuka kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya utumishi, na yenye malipo. Si hisani ya mwajiri. Wengi wanaoota kutoroka wana likizo ambayo hawajaichukua.

Jibu likiwa ni deni, usizime simu ukaondoka. Mdai anayejibiwa aghalabu hukubali kupanga upya malipo. Asiyejibiwa hutafuta njia nyingine. Kwa wenye mikopo ya simu, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawazuia wakopeshaji wa kidijitali kuwatisha na kuwatukana wateja, au kuwapigia jamaa na marafiki walio katika simu zao ili kuwaaibisha. Anayefanya hivyo anavunja kanuni, na anaweza kushtakiwa kwa Benki Kuu.

Jibu likiwa ni kipigo au vitisho, ondoka. Makala haya hayakuandikwa ili kumrudisha mtu kwenye nyumba inayomuua. Lakini hata huyo anahitaji mtu mmoja anayemwamini ajue aliko.

Na iwapo chini ya "nataka kwenda mbali" limejificha "sitaki kuishi", hilo si jambo la kungoja likizo. Linahitaji hospitali na mtu wa kuzungumza naye siku hiyohiyo. Kwa miaka mingi wengi waliogopa kusema, kwa kuwa jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtu wa namna hiyo ni mgonjwa anayestahili kutibiwa, si mhalifu.

Jibu likiwa ni kiu ya maisha mengine, basi nenda. Ila nenda kama aliyekwenda kufungua boma: mchana, moto mkononi, na mtu mmoja wa nyumbani akijua njia uliyoishika. Waambie wanaokutegemea unakokwenda, utawatumia nini, na utarudi lini kuwajulia hali. Ukishindwa kuyatamka hayo mbele yao, yaelekea safari hiyo si ya kutafuta bali ya kukwepa.

Mwandishi wa makala haya hatoi ushauri huu akiwa juu ya mnara. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya mazishi nyumbani Siaya, nilitakiwa kupanda basi la jioni kurudi Nairobi, kwenye meza ya uhariri na usiku wake mrefu. Mfukoni nilikuwa na hesabu za mazishi ambazo hazikuwa zikijumlika. Pale Ndori nikapanda matatu ya kwenda Luanda Kotieno badala yake, nikaingia katika feri ya Mbita, nikazima simu. Sikuwa na mpango wowote. Nilisimama ukingoni mwa feri na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nikahisi nimepumua.

Pale Mbita nilikula samaki peke yangu. Saa kumi hivi nikawasha simu, nikitarajia kukuta dunia imepinduka. Palikuwa na ujumbe mmoja, kutoka kwa mke wangu. Aliuliza kama nitafika mapema kiasi cha kupitia dukani, kwa maana unga umekwisha.

Hakujua kwamba nilikuwa nimetoroka. Kwake nilikuwa njiani kurudi. Nilirudi kwa feri iliyofuata, nikampigia na kumwambia ukweli: niko wapi, nimechoka kiasi gani, na hesabu za mazishi zimepungua kwa kiasi gani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nilale Siaya siku mbili, unga atanunua mwenyewe, na kuhusu deni tutazungumza nikifika.

Nililala siku mbili. Kazini niliomba ruhusa, nikapewa. Deni tulilimaliza baada ya miezi minane.